Akina Rotich Wanazidi, Birech Anapotea

Kama umewahi kusimama kwenye gwaride la shule yetu Jumatatu asubuhi, jambo hili umeliona. Mwalimu wa zamu anafungua karatasi yake na kuita, "Rotich!" Wanaitika watu wanne kwa mpigo, mmoja kutoka mstari wa wadogo, wengine nyuma kabisa kwa wale wakubwa. Mwalimu anakohoa. "Namtaka Rotich mwenye deni la vitabu vya maktaba." Hapo kimya kinatanda. Hakuna Rotich hata mmoja shule nzima!

Mimi ni mmoja wa akina Rotich hao (la maktaba si langu). Kwa muda mrefu nililiona jambo hili kuwa la kuchekesha tu. Mwaka jana lilikoma kunichekesha. Baba alijaza fomu mbili za kuomba basari, moja yangu na moja ya kaka yangu, akaambatisha barua moja ya chifu. Fomu zikarudi. Karani wa ofisi moja, ambayo sitaitaja, alikuwa ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu kwamba waombaji hawa si ndugu, hivyo hawawezi kutumia barua moja. Kwa nini? Kwa sababu kaka yangu ni Lagat na mimi ni Rotich. Baba mmoja, mama mmoja, tumenyonya ziwa moja, lakini kwa karani sisi ni watu baki. Tena kitambulisho cha babu yetu mzaa baba, ambaye ndiye shina letu, kinasema Birech. Boma moja, majina matatu! Kabla baba hajapata barua nyingine, nilikuwa nimekaa nyumbani wiki tatu kwa sababu ya karo.

Wiki tatu ni nyingi mtu akiwa hana la kufanya ila kukama na kuchota maji. Nikaanza kumuuliza babu maswali. Niliporudi shuleni nikawauliza walimu wa historia na hesabu. Haya ndiyo niliyoyapata, na nadhani yatamfaa kila mtu ambaye jina lake liko kwenye rejista yoyote.

Tuanzie nyumbani. Kwa Wanandi, na kwa Wakalenjin wengine kwa jumla, jina la mtoto lilitokana na wakati au hali ya kuzaliwa kwake. Mvulana alipewa jina lenye Kip- mwanzoni, msichana Chep- au Jep-. Aliyezaliwa ng'ombe wakirudi zizini jioni ni Kiprotich. Mbuzi na kondoo ndio wanaorudi? Basi ni Kiprono. Giza likiingia ni Kiplagat, usiku ni Kipkemboi, kunapokaribia kupambazuka ni Kipkoech au Kipkorir, mchana ni Kibet. Mvua ikinyesha ni Kiprop. Wageni wakiwa nyumbani ni Kiptoo, mama akiwa safarini ni Kipruto, mtoto akizaliwa nje ya nyumba ni Kipsang. Wasichana nao hivyo hivyo: Jerotich, Jelagat, Jebet, Jerop. (Si kila Che- ni ya kike, lakini. Cheruiyot ni mwanamume kamili, usije ukamkosea heshima.)

Sasa tazama vizuri orodha hiyo. Saa za mchana na usiku zinagawanywa katika vipande vichache tu, na kila siku ng'ombe wanarudi nyumbani mara moja. Watoto maelfu wanagombania majina machache. Kwa hiyo Rotich hatukutoka kwa mzee mmoja Rotich aliyezaa sana. Tumetoka kwa mamia ya mama waliojifungua jioni, kila mmoja kwa wakati wake, bila kujuana. Rotich wa Kapsabet na Rotich wa Turbo wanaweza kuwa hawana hata tone la damu moja. Walichorithi pamoja ni ng'ombe kurudi nyumbani, basi.

Jambo hili huwatatiza hata wageni. Mnamo Novemba 2011, Geoffrey Mutai alishinda mbio za marathoni za New York, naye Emmanuel Mutai akawa wa pili. Mtu wa mbali angedhani ni kaka na mdogo wake. La hasha! Hawana undugu. Mutai ni Kimutai, mtoto wa asubuhi na mapema, na asubuhi haina mwenyewe.

Kiswahili chetu huliita jina la mwisho "jina la ukoo", na nadhani hapo ndipo matata yanapoanza. Kwetu ukoo una jina lake mbali kabisa. Ukoo ni oret, nao una mnyama wake: Talai ni simba, Kipkenda ni nyuki, Tungo ni fisi. Kijana akitaka kuoa haulizwi kama yeye ni Rotich au Koech. Anaulizwa mnyama wake ni nani. Kwa hivyo jina la mwisho halikuwa na kazi ya kuonyesha ukoo hata siku moja.

Lilikuwa na kazi gani basi? Kazi ya "arap". Neno hilo maana yake ni "mwana wa". Kijana alipotoka jandoni aliacha jina la utotoni na kuitwa kwa baba yake: mwana wa Kiplagat akawa arap Lagat. Ile Kip- ikaanguka njiani. Mwanawe naye, atakapotahiriwa, hataitwa arap Lagat, kwa sababu Lagat ni babu yake. Ataitwa kwa jina la baba yake mwenyewe. Jina liliishi kizazi kimoja, likapumzika.

Mfano mzuri uko katika historia yetu. Orkoiyot Kimnyole alikuwa arap Turukat. Mwanawe Koitalel, yule aliyewapinga Waingereza na reli yao hadi alipouawa tarehe 19 Oktoba 1905, alikuwa arap Samoei. Mwana wa Koitalel, Barsirian, ambaye serikali ya kikoloni ilimkamata mwaka wa 1923 na aliyekaa kizuizini hadi 1964, alikuwa arap Manyei. Turukat, Samoei, Manyei: babu, baba, mwana. Karani wangu wa kalamu nyekundu angesema watu hawa watatu hawajuani! (Ukiuliza kwa nini Koitalel hakuitwa arap Nyole, jua kwamba mwanamume wa zamani alikuwa na majina kadha, likiwemo la babu aliyemrudia na hata la ng'ombe dume wake, na mwana angeweza kuitwa kwa mojawapo.)

Katika utaratibu kama huo jina haliwezi kufa wala kutawala. Hata kama mwaka huu hakuna Rotich hata mmoja, kesho jioni ng'ombe watarudi na mama mmoja atajifungua. Kila kizazi hesabu inaanza upya.

Watu wengine duniani wana mtindo uo huo. Pwani yetu mtu ni "bin" fulani: Seyyid Said alikuwa bin Sultan, na wanawe waliotawala Unguja baada yake, Majid na Barghash, wakawa bin Said. Huko Aisilandi, kisiwa cha baridi kali Ulaya ya kaskazini, hadi leo watu wengi wanaitwa kwa jina la baba tu, na kitabu chao cha simu kilipanga watu kwa jina la kwanza. Hakuna aliyewaambia kwamba si ndugu.

Nani basi aliyeligandisha jina letu? Karatasi. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka wa 1915, na kuanzia 1920 kila mwanamume Mwafrika aliyezidi umri wa miaka 16 alilazimika kubeba kipande, chenye jina lake, alama za vidole na habari za mwajiri, ndani ya kijaluba cha chuma alichokivaa shingoni. Hapa Uasin Gishu palikuwa na mashamba ya walowezi, Makaburu na Waingereza, na bila kipande hakuna kazi. Karani aliuliza, "Jina?" Mzee akasema. Likaandikwa. Jina lililokuwa la mtu mmoja kwa maisha yake sasa lilikuwa katika faili. Kisha zikaja shule za misheni, ubatizo, vyeti, na mtoto akaandikishwa kwa jina lililokuwa tayari kwenye karatasi ya baba yake. Arap ikaanza kudondoka pia, kwani mistari ya fomu ilikuwa mifupi.

Haikutokea siku moja, na ndiyo sababu nyumba nyingi zina mchanganyiko kama wetu. Hata Ikulu ilikuwa nao. Rais wa pili wa Kenya alizaliwa Toroitich, mwana wa Kimoi arap Chebii wa Baringo. Kwa kuwa baba yake alikuwa Kimoi, yeye akawa arap Moi, sawasawa na mila. Kwa mila hiyo hiyo, wanawe wangekuwa arap Toroitich. Na kweli mmoja wao, yule dereva hodari wa safari rali, alijulikana kama Jonathan Toroitich. Lakini ndugu yake, aliyekuwa seneta wa Baringo kuanzia 2013 hadi 2022, ni Gideon Moi. Ndugu wawili, baba mmoja, mmoja kafuata mila na mwingine kafuata karatasi. Nilipolijua hili nilitamani kumpelekea yule karani nakala.

Kwetu mambo yalikwenda vivi hivi. Baba ya babu alizaliwa siku siafu walipovamia nyumba, akaitwa Kibirech. Siafu si kama ng'ombe, hawaji kila jioni, na ndiyo maana jina hilo ni adimu. Babu yangu alizaliwa giza likiingia: Kiplagat arap Birech. Baba yangu alizaliwa jioni, ni Kiprotich, na kwenye kitambulisho ni Lagat. Kaka yangu alipozaliwa baba mwenyewe ndiye aliyekwenda kuchukua cheti, akaandika Lagat kama lake, mtindo wa kisasa. Mimi nilipozaliwa alikwenda mama. Akaulizwa, "Jina la baba ya mtoto?" Akajibu ukweli: Kiprotich. Nikawa Rotich. Hakuna aliyekosea, unaona? Mmoja alijibu swali la Kizungu na mwingine swali la Kinandi.

Wapo wanaosema, basi na iwe, muhimu ni mtu kuwa na jina. Lakini jina likishagandishwa, hesabu yake inabadilika kabisa. Hapa ndipo mwalimu wetu wa hesabu aliponishangaza.

Mwaka wa 1873 Mwingereza Francis Galton aliuliza swali gazetini. Aliona kwamba majina ya koo nyingi mashuhuri za Uingereza yalikuwa yakitoweka, na watu wakasema labda wakubwa hawa wamedhoofika kwa raha. Galton akauliza: je, haiwezi kuwa ni bahati tu? Mchungaji mmoja mwanahesabu, Henry William Watson, akakokotoa jibu. Kwa ufupi, ndiyo: jina linalopita kwa wana wa kiume peke yake laweza kufa bila kosa la mtu. (Watson alizidisha chumvi kidogo. Alifikia uamuzi kwamba kila jina litakufa mwishowe, jambo lililokuja kuonyeshwa kuwa si kweli pale watu wanapozaa wana wengi.)

Tulilijaribu chamani Ijumaa moja, nawe unaweza. Chukua watu 16, kila mmoja awe na jina lake peke yake. Kila mmoja arushe sarafu ya shilingi moja mara mbili, maana ana watoto wawili. Twiga akitokea juu, mtoto ni mvulana na anaendeleza jina. Ngao ikitokea, ni msichana, na kwa sheria ya mchezo jina linaishia hapo. Kila mvulana aliyepatikana naye arushe mara mbili, na kuendelea.

Kabla hujarusha unaweza kukokotoa kwa kalamu. Mtu anayerusha mara mbili ana nafasi 1 kati ya 4 ya kukosa twiga kabisa. Kwa hivyo, kwa wastani, majina 4 kati ya 16 yanakufa katika kizazi cha kwanza. Katika kizazi cha pili yaliyokufa yanafika 6, cha tatu karibu 8. Kufikia kizazi cha tano ni karibu 10, yamebaki 6 tu. Na idadi ya wanaume? Kwa wastani ni wale wale 16! Watu hawakupungua, majina ndiyo yaliyopungua, na yale yaliyobaki yamenenepa. Siku ile mwenzetu mmoja alipata ngao mbili mfululizo kwenye mrusho wa kwanza, akakaa chini na kusema ukoo wake umelaaniwa. Mwalimu alimjibu kwamba laana hiyo ina thamani ya robo.

Familia kubwa ni kinga. Mwanamume mwenye watoto 6, na wanawe wakizaa 6 vilevile, hatari ya jina kufa siku yoyote ile ni chini ya 2 kati ya 100. Wakiwa watoto 3, hatari inapanda hadi karibu 24 kati ya 100. Wakiwa 2, kama tulivyoona, ni suala la muda tu. Sasa sikiliza: mwishoni mwa miaka ya 1970 mama wa Kenya alizaa kwa wastani karibu watoto 8, na utafiti wa afya wa mwaka wa 2022 ulipata wastani wa 3.4. Tulipogandisha majina tulikuwa watu wa watoto 8, na sasa tunaelekea kwenye mchezo wa shilingi.

Hatari hiyo ni ya mtu mmoja mwenye jina lake peke yake. Rotich haina wasiwasi. Wenye jina hilo ni wengi mno, hata nusu yao wakikosa wana wa kiume wengine watawafidia. Wanaopotea ni wale wa siafu, majina ya tukio lililotokea mara moja. Kwa hivyo majina mengi yatazidi kuwa mengi na yale machache yatazidi kuwa machache, bila mtu kuamua. Katika nchi ambazo jina limerithiwa kwa karne nyingi utaona mwisho wake. Uchina ina watu zaidi ya bilioni 1, na inasemwa kwamba majina 100 tu yanabeba karibu watu 85 kati ya kila 100. Korea Kusini karibu mtu 1 kati ya 5 ni Kim. Wakorea, hata hivyo, hawakufika hapo kwa bahati peke yake: watu wa kawaida wengi walipoanza kutumia jina la ukoo walijitwalia majina ya wakubwa.

Tusidhani ni Wakalenjin tu. Turbo yetu iko kwenye barabara kuu na reli, Lugari iko hapo ng'ambo, na darasani tunakaa na kila mtu. Wabukusu nao huzaliwa na majira. Wafula na Nafula ni wa mvua, Simiyu na Nasimiyu wa kiangazi, Wekesa na Nekesa wa mavuno, Wanyonyi na Nanyonyi wa palizi, Wanjala na Nanjala wa njaa. Zamani ungeweza kukisia mwezi wa kuzaliwa wa mtu kwa jina lake. Siku hizi darasani kwetu kuna Wafula aliyezaliwa Januari, vumbi likitimka. Ukimuuliza mvua iko wapi anasema, "Mvua ni ya babu, mimi nimeibeba tu." Huyo naye ameshaganda.

Waluo vilevile wana saa zao: Otieno na Atieno wa usiku, Ochieng' na Achieng' wa jua la mchana, Okoth na Akoth wa mvua.

Wagikuyu ndio walionivutia zaidi, kwa sababu kwao jina linarudi kwa zamu. Mwana wa kwanza anaitwa kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama. Binti wa kwanza ni nyanya mzaa baba, wa pili nyanya mzaa mama. Kamau anamzaa Njoroge, Njoroge anamzaa Kamau. Mzee mwenye watoto wengi anaweza kuwaona wajukuu wengi walio majina yake, kwa mabinti na kwa wana. Hebu fikiria maana yake katika mchezo wetu wa shilingi: msichana hali ngao! Jina la baba yake linapita kwake hadi kwa mwanawe wa kiume, na jina la mama yake linapita kwa binti. Hapo akina Wanjiru na Wambui hawapotei kwa kukosa kaka.

Ninasema hivi kwa sababu mimi ni msichana, na jambo moja katika hesabu ya Galton liliniuma. Ni mchezo ambao mimi nikitokea juu, mtu anasema "aa!" na kukaa chini. Katika utaratibu wa zamani wa kwetu sikuwa kizuizi kwa jina lolote, kwa kuwa jina halikusafiri. Nilikuwa Je- kama kaka yangu alivyokuwa Kip-, kila mtu na saa yake. Karatasi ndiyo iliyonifanya mwisho wa njia. Angalia hata majina ya wakimbiaji wetu. Bingwa wa mita 1500 ni Faith Chepng'etich Kipyegon. Chepng'etich ni lake, la kike, la ng'ombe wakitoka asubuhi. Kipyegon ni la upande wa wanaume, na ndilo ulimwengu unalolipigia makofi. Ama kweli huwezi kuzaliwa msichana ukawa Kip-!

Hata hivyo wapo wenzetu, wavulana kwa wasichana, ambao jina lao la mwisho ni Jep- au Chep-, la mama. Zamani mtoto ambaye mama yake hakuolewa hakuweza kuandikiwa jina la baba kwenye cheti cha kuzaliwa bila baba huyo kukubali, mpaka mwaka wa 2016 Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kipengele hicho ni kinyume cha Katiba. Wengine mama ndiye aliyewalea na jina lake wanalipenda. Wanaowacheka wavulana hao bwenini wakome. Kijana anayebeba Jepkemboi hadi kwenye cheti chake anafanya jambo ambalo mila wala karani hawakulitazamia: jina la mwanamke litapita kwa wanawe.

Sijasahau upande wa pili, yaani majina yanayozaliwa upya. Chumba kwa Kinandi ni Mzungu. Kipchumba na Jepchumba ni watoto waliozaliwa penye Wazungu, na baadaye hospitalini. Jina hilo haliwezi kuwa lilikuwako kabla ya Wazungu kufika. Na kwa kuwa utafiti ule wa 2022 ulionyesha kwamba karibu 82 kati ya kila watoto 100 nchini walizaliwa katika kituo cha afya, tukishika mila sawasawa, karibu gwaride zima litakuwa Kipchumba na Jepchumba! Wodi ina taa usiku kucha, na kutoka dirishani humo huoni ng'ombe wakirudi. Mama yangu anasema alipokuwa akinizaa mimi, nyanya alipiga simu nyumbani kuuliza kama ng'ombe wamefika zizini, ndipo wakajua jina langu. Walikuwa bado njiani.

Sasa nirudi kwa babu. Jioni moja nilimweleza mchezo wa shilingi, nikamwambia kwa masikitiko kwamba Birech litaisha naye, kwa sababu baba ni Lagat, kaka ni Lagat, mimi Rotich. Alikuwa akinoa panga. Hakusikitika hata kidogo.

"Kwani nani alikuambia lilikuwa lako?" akaniuliza. "Birech ni baba yangu. Mimi ndiye mwana wa Birech. Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Kiprotich, kugo."

"Haya. Jina lako liko sawa. La kaka yako ndilo lenye kasoro."

Nilicheka, lakini usiku sikulala mapema. Yeye ana haki kwa njia yake. Lakini yeye aliishi wakati ambao siafu wangeweza kuja tena na kumleta Kibirech mwingine, na mimi ninaishi wakati wa fomu. Mwakani nitakuwa kidato cha nne na jina langu litaandikishwa kwa mtihani wa KCSE kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, na baada ya hapo kitambulisho, na benki, na kila kitu. Mtu mzima anaweza kubadilisha jina kwa hati ya kisheria, tangazo likachapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Kenya, lakini kuna ada na kuna safari. Baba amekwisha kula kiapo mbele ya wakili kwamba Lagat na Rotich ni watoto wake wa kuzaa. Karatasi hiyo imetiwa nailoni na inakaa juu ya kabati pamoja na Biblia. Mimi nimeamua kubaki Rotich. Kaka naye anataka kubaki Lagat, maana ndilo liko kwenye cheti chake cha darasa la nane na hataki matata. Kwa hiyo tutazeeka hivi hivi, ndugu wa majina mawili na kiapo kimoja.

Kuhusu Birech, chama chetu kimekubali jambo moja. Muhula huu tunafungua daftari. Ukienda likizo, muulize babu yako (au nyanya, kwa upande wa wanaume wa kwao) baba yake aliitwa nani, na kwa sababu gani. Ukipata jina ambalo hakuna mwingine shuleni mwenye nalo, liandike kwenye karatasi pamoja na maana yake, umpe katibu wa chama kabla ya wiki ya nne. Yatachapishwa yote katika toleo lijalo, ya kabila lolote lile. Ukurasa wa kwanza wa daftari una jina moja tayari, na mbele yake nimeandika: siafu, nyumba ya nyasi, usiku, watu walikimbilia nje na mama akajifungulia chini ya mti.

Babu anasema haukuwa usiku, ulikuwa mchana. Nitalisahihisha.